Masomo ya kidato cha tatu yanavyofungua au kufunga mlango wa chuo kikuu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, vifijo na nderemo hutanda katika nyumba nyingi kwa siku mbili tatu. Wapigapicha hufika, mtahiniwa hubebwa juu kwa juu, na mama mzazi huangusha machozi ya furaha. Kisha huja kipindi cha pili ambacho aghalabu hakina mpigapicha. Kijana aliyepata B+ huketi mbele ya kompyuta, hufungua tovuti ya Idara ya Kuwateua Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Vyuo Anuwai (KUCCPS), hubofya kozi ya uhandisi aliyoiota tangu utotoni, na mtambo humjibu kuwa hajatimiza masharti. Hakufeli mtihani. Aliacha tu somo la Fizikia alipoingia kidato cha tatu.

Swali ambalo wazazi huuliza mara kwa mara ni hili: je, mwanafunzi achague masomo magumu apate gredi ya wastani, au achague masomo mepesi apate gredi ya kupigiwa makofi? Jibu halipatikani kwa neno moja. Inampasa mzazi kufahamu jinsi hesabu za uteuzi zinavyofanywa, kisha aitazame nguvu ya mwanawe bila kujidanganya. Makala hii inaeleza hesabu hizo, masharti ya baadhi ya kozi, namna nchi nyingine zinavyoupima ugumu wa masomo, na yale yanayowasubiri wanafunzi wa mtaala mpya.

HESABU MBILI, MILANGO MIWILI

Mtahiniwa wa KCSE hupimwa mara mbili, na wengi huifahamu mizani moja tu.

Mizani ya kwanza ni gredi ya wastani. Kila gredi ina pointi zake: A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, na hivyo hivyo hadi E yenye pointi 1. Masomo saba hujumlishwa, na kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Anayepata pointi 46 hadi 52 huwa na C+, gredi ya chini kabisa inayomruhusu mtu kuteuliwa kusomea shahada. Pointi 60 hadi 66 ni B, na 67 hadi 73 ni B+. Anayetaka kusomea stashahada huhitaji angalau C-, na anayetaka cheti huhitaji D.

Mizani ya pili ni ya kundi la masomo ya kozi, ambalo wanafunzi wengi wamezoea kuliita klasta. Kila kozi ya shahada ina masomo manne yanayoihusu. Pointi za masomo hayo hujumlishwa, na upeo wake ni 48. Kisha hesabu hiyo huoanishwa na jumla ya pointi za mtahiniwa katika mtihani mzima, na matokeo yake ndiyo yanayotumiwa kuwapanga waombaji wa kozi moja kutoka wa juu hadi wa chini. Nafasi zikiisha, aliyebaki nje hurudi kwenye chaguo lake jingine.

Utaratibu huu haukuanza jana. Kabla ya KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kazi ya uteuzi ilifanywa na Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB), nayo pia ilitumia makundi ya masomo. Kilichobadilika ni wingi wa wanaofuzu. Mwaka 2016, baada ya udhibiti wa mtihani kukazwa, watahiniwa waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929, na waliopata A walikuwa 141 pekee, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia. Kufikia mtihani wa 2024, waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Idadi ikipanda namna hiyo, C+ humfikisha mtu kwenye ua wa chuo kikuu, lakini ni masomo ya klasta yanayoamua ataingia chumba gani.

MABADILIKO YA 2023

Hadi mwaka 2022, gredi ya wastani ilihesabiwa kwa kutumia masomo matano yasiyokwepeka, yaani Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na sayansi mbili, pamoja na masomo mengine mawili aliyofanya vyema. Kuanzia mtihani wa 2023, Wizara ya Elimu iliulegeza utaratibu huo. Sasa yasiyokwepeka ni Hisabati na lugha moja, ambayo inaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Matano yaliyosalia ni yale ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi.

Ili kuona uzito wa mabadiliko hayo, tuwachukue wanafunzi wawili wa kubuni.

Wa kwanza alichagua sayansi zote tatu. Alipata B katika Hisabati, B- katika Kiingereza, B katika Kiswahili, B katika Biolojia, B katika Fizikia, B- katika Kemia, B katika Jiografia na B+ katika Masomo ya Biashara. Wa pili aliikwepa Fizikia. Alipata C katika Hisabati, B katika Kiingereza, A- katika Kiswahili, C+ katika Biolojia, C katika Kemia, A- katika Historia na Serikali, A katika Elimu ya Dini ya Kikristo (CRE) na A- katika Masomo ya Biashara.

Kwa utaratibu wa kale, wa kwanza angepata pointi 63 na wa pili 62. Wote wawili wangekuwa na B, na mwanasayansi angemtangulia mwenzake kwa unywele. Kwa utaratibu wa sasa, wa kwanza anabaki na pointi zile zile 63, ambazo ni B. Wa pili anapanda hadi pointi 67, ambazo ni B+, kwa sababu Kemia yake haihesabiwi tena na nafasi yake imechukuliwa na somo alilolimudu.

Kijijini, wa pili ndiye atakayebebwa juu kwa juu. Lakini wote wawili wakiomba kozi ya uhandisi, wa kwanza ana Hisabati, Fizikia, Kemia na somo la nne, jumla pointi 36 kati ya 48. Wa pili hana hesabu yoyote ya kufanyiwa, maadamu hana Fizikia na C yake ya Hisabati haifikii C+ ambayo kozi hizo kwa kawaida hudai.

Tugeuze shilingi tuutazame upande wake wa pili. Wakiomba kozi ya sheria, ambayo klasta yake huchukua lugha, Hisabati au sayansi moja, somo moja la ubinadamu na somo la nne, wa pili ana pointi 41. Wa kwanza ana 37. Hapo mwanasayansi wetu ndiye anayekaa nyuma ya foleni, na sayansi zake tatu hazimpi nyongeza hata ya pointi moja.

Pointi hizi za klasta ni ghafi, yaani kabla ya kuoanishwa na jumla ya mtihani mzima. Hata hivyo zinatosha kuonyesha jambo ambalo wengi hawalioni: mabadiliko ya 2023 yalirahisisha njia ya kuifikia C+, ila hayakuondoa masharti ya kozi zenyewe. Mwanafunzi anayesoma habari kwamba sayansi hazilazimishwi tena katika gredi ya wastani, akaamua kuzitupa, huenda akapanda ngazi kwa haraka na kuikuta imeegemezwa kwenye ukuta asioutaka.

KOZI ZENYE MASHARTI MAKALI

Ziko kozi ambazo mlango wake una kufuli mbili. Ya kwanza ni klasta, na ya pili ni gredi ya chini kabisa inayotakiwa katika kila somo.

Udaktari ndio mfano unaojulikana zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kozi hiyo imekuwa ikidai angalau B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Fizikia au Hisabati, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mwanafunzi mwenye A- ya wastani aliyeteleza akapata B- katika Kemia hukwama hapo, na A zake za Historia na Kilimo haziwezi kumwokoa.

Uhandisi nao husimama juu ya Hisabati, Fizikia na Kemia. Hakuna njia ya pembeni ya kuikwepa Fizikia. Ni ajabu basi kwamba kila mwaka watahiniwa wa Fizikia huwa wachache mno wakilinganishwa na wa Biolojia na Kemia. Maelfu ya wanafunzi hujitoa katika orodha ya wahandisi wa kesho wakiwa na umri wa miaka kumi na sita, wengine bila hata kujua kwamba wamejitoa.

Sheria hutazama lugha. Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016 zinataja C+ ya wastani pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mwanafunzi aliyezoea kukichukulia Kiswahili kama somo la kupumzikia akili baada ya Hisabati yafaa akumbuke kwamba gredi hiyo moja inaweza kumfungulia mlango wa uanasheria. Hali kadhalika, anayetaka ualimu wa sekondari huhitaji gredi nzuri katika masomo mawili atakayoyafundisha. Haiwezekani kufundisha Jiografia ilhali uliiacha kidato cha pili.

JE, SOMO GUMU LINA TUZO YAKE?

Katika gredi ya wastani, mtambo hauna macho ya kuona ugumu. B ya Fizikia ni pointi 9, na B ya CRE ni pointi 9. Hakuna bahashishi inayotolewa kwa aliyejitesa maabara hadi usiku. Tuzo ya somo gumu, pale ilipo, hutolewa na klasta pekee, na hutolewa kwa yule tu aliyelifanya vizuri.

Hata hivyo ni vyema kufahamu kwamba Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) huweka mipaka ya gredi kwa kila somo kivyake. Alama zinazotakiwa ili kupata A katika Hisabati si lazima ziwe sawa na zile za CRE. Somo ambalo watahiniwa wengi hulegea, mpaka wake huweza kuwa chini. Ndiyo maana mwanafunzi anayepata 60 kwa mia katika Fizikia darasani hapaswi kukata tamaa kwa kujilinganisha na rafiki yake anayepata 75 katika Historia. Huenda gredi zao zikawa jirani kuliko wanavyodhani.

Kuna pia suala la Hisabati zenyewe. KNEC hutahini aina mbili: Hisabati A, ambayo ndiyo wanayoifanya watahiniwa walio wengi, na Hisabati B, yenye silabasi nyepesi zaidi, iliyokusudiwa wale wasiotarajia kuendelea na kozi zenye hesabu nyingi. Mwongozo wa KUCCPS hutofautisha A na B, na kozi za uhandisi hudai A. Shule inayomhamisha mwanafunzi kutoka A hadi B kwa nia ya kumsaidia ina wajibu wa kumweleza mzazi, kwa maneno yasiyofichika, ni milango ipi inayofungwa siku hiyo.

Na tusiwapake mafuta wazazi kwa mgongo wa chupa: kulazimisha nako kuna gharama. Mtoto anayepewa Fizikia na Kemia kwa sababu baba anataka daktari, akaishia na D katika zote mbili, hapati udaktari na hapati kile alichokiweza. Muda alioupoteza kwenye milinganyo isiyomwingia ungeweza kumpa A- katika Jiografia na A katika Masomo ya Biashara. Somo gumu huwa ni rasilimali kwa anayelimudu. Kwa asiyelimudu, huwa ni deni.

SHULE NAYO INA MKONO

Chaguo la mwanafunzi haliwi huru daima. Ziko shule zisizo na maabara ya kutosha, na ziko zenye mwalimu mmoja wa Fizikia anayehudumia vidato vyote vinne. Masomo kama Kompyuta, Umeme, Uchoraji wa Ramani za Ujenzi au Muziki hupatikana katika shule chache tu. Teknolojia ya Usafiri wa Angani, ambayo imejulikana sana kupitia Shule ya Upili ya Mang'u, ni ndoto kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa mashinani.

Zaidi ya upungufu wa vifaa, kuna tamaa ya wastani wa shule. Baadhi ya shule huwazuia wanafunzi wa kiwango cha kati wasichukue Fizikia kwa hofu kwamba wataivuta shule chini. Serikali ilipiga marufuku uorodheshaji wa shule bora mwaka 2014 kwa sababu ya mashindano yasiyo na staha, lakini mazoea ya kuhesabu wastani hayakufa. Wastani wa shule husahaulika baada ya mwezi mmoja. Kozi aliyoikosa mtoto humfuata maisha yake yote. Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe hawezi kuchukua somo fulani, ana haki ya kuuliza sababu na kuonyeshwa alama za vidato viwili vya mwanzo. Kama alama hizo zinaonyesha C+ au zaidi katika somo analotaka, hoja ya kumzuia ni dhaifu.

MAJIRANI NA NCHI ZA MBALI

Nchini Tanzania, uamuzi huu hufanywa waziwazi kwa jina la tahasusi. Mwanafunzi anayefuzu kidato cha nne huingia kidato cha tano akiwa na masomo matatu makuu. Mwenye PCB husoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na mbele yake kuna njia ya udaktari. Mwenye PCM hubadilisha Biolojia kwa Hisabati. Mwenye HKL husoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kila mtu katika familia huelewa kwamba mwenye HKL hatakuwa mhandisi. Ukali wa mfumo huo una faida yake: hakuna anayeshtukizwa mwishoni.

Uganda nayo, ambayo pia ina kidato cha tano na sita, kwa miaka mingi imetumia mizani inayoyapa masomo uzito tofauti kulingana na kozi. Somo lililo muhimu kabisa kwa kozi huzidishwa mara 3, linalohusiana nayo huzidishwa mara 2, na mengine hupewa uzito mdogo zaidi. A ya Kemia ya muombaji wa udaktari huwa nzito kuliko A ya somo lisilohusika.

Nchini Uingereza, vyuo vikuu vya kundi la Russell viliwahi kuchapisha orodha fupi ya masomo yaliyosemekana kumwachia mwanafunzi milango mingi wazi, yakiwemo Hisabati, Fizikia, Historia na lugha za kigeni. Orodha hiyo iliondolewa mwaka 2019 kufuatia lalama kwamba ilidunisha masomo ya sanaa, na mahali pake pakawekwa mwongozo unaomwonyesha mwanafunzi masharti ya kozi moja moja. Wanafunzi wa shule za Nairobi na Mombasa zinazofuata mitaala ya Uingereza yafaa wauzingatie.

Marekani ndiko ugumu wa masomo unakopewa nafasi ya pekee. Huko hakuna mtihani mmoja wa kitaifa wa kumaliza sekondari. Afisa wa usajili husoma rekodi ya miaka minne ya mwanafunzi, somo kwa somo, na huuliza maswali mawili: alipata gredi gani, na aliipata katika masomo ya uzito upi? Shule nyingi hufundisha masomo ya kiwango cha chuo yaitwayo AP, chini ya shirika la College Board lililoanza kuyasimamia mwaka 1955. Mitihani yake hupewa alama 1 hadi 5. Nyingine hufuata mtaala wa kimataifa wa IB, wenye chimbuko lake Geneva mwaka 1968. Shule nyingi huongeza uzito wa gredi za masomo hayo, hivi kwamba A ya AP huhesabiwa 5 badala ya 4. Chuo Kikuu cha California nacho hutoa nyongeza kama hiyo, ingawa kimeiwekea kikomo cha mihula minane.

Kura za maoni za muungano wa washauri na maafisa wa usajili wa nchi hiyo zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba gredi za masomo ya maandalizi ya chuo na uzito wa masomo yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa kwanza. Mwaka 1999, mtafiti Clifford Adelman wa Idara ya Elimu ya Marekani alionyesha kwamba uzito na ubora wa masomo ya sekondari ulitabiri vizuri zaidi nani angekamilisha shahada, kuliko hata alama za mitihani au nafasi ya mwanafunzi darasani. Matokeo hayo yana funzo hata kwetu: anayeingia chuoni akiwa na msingi mwepesi hutatizika baadaye, hata kama aliingia kwa kishindo.

Lakini Marekani pia ina ukosefu wa usawa. Shule za matajiri hutoa masomo mengi ya AP, za maskini hutoa machache. Kwa sababu hiyo, maafisa hupewa maelezo kuhusu shule, na mwanafunzi hupimwa kwa yale yaliyopatikana kwake. Mkenya mwenye KCSE anayeomba nafasi huko hahitaji kuhofu kwamba hana AP. Atatazamwa kama alichukua masomo mazito yaliyokuwapo shuleni mwake na namna alivyoyafanya.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati yetu na wao ilipo. Kwao, mtu huisoma rekodi na anaweza kuipenda B ya somo zito kuliko A ya somo jepesi. Kwetu, mtambo huhesabu. Mtambo haujui kwamba shule yako haikuwa na maabara, na haujui kwamba ulikuwa na ari. Unajua tu kama somo lipo au halipo, na kama gredi inafika au haifiki.

MTAALA MPYA NA MIKONDO MITATU

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, unaelekea ukingoni. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027 na wanafunzi walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, katika kile kinachoitwa Sekondari Pevu, na wanatarajiwa kuwa tayari kujiunga na vyuo vikuu mwaka 2029.

Kwao, uamuzi umesogezwa mbele zaidi. Wanachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM); Sayansi za Jamii; na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Jopo la Rais kuhusu mageuzi ya elimu lilipendekeza asilimia 60 ya wanafunzi waelekezwe kwenye STEM, 25 kwenye Sayansi za Jamii na 15 kwenye Sanaa na Michezo. Pamoja na masomo ya lazima, kila mwanafunzi huchagua masomo matatu ya mkondo wake.

Hisabati ilizua mjadala mkali. Mpango wa awali uliifanya kuwa ya hiari kwa baadhi ya wanafunzi. Baada ya malalamiko ya walimu, wazazi na wataalamu, Wizara ilitangaza mwaka 2025 kwamba kila mwanafunzi ataisoma, ila kwa viwango viwili: cha kina kwa walio katika STEM, na chepesi kidogo, cha matumizi ya maisha, kwa walio katika mikondo mingine. Msomaji aliyeifuatilia habari ya Hisabati A na B ataona mara moja kwamba swali ni lile lile katika vazi jipya. Mzazi wa mtoto wa Gredi ya 9 anafaa kuuliza mapema: kiwango hiki kitamruhusu mwanangu kusomea nini?

KABLA HUJATIA ALAMA KWENYE FOMU

Kwa mwanafunzi na mzazi walio na fomu ya masomo mbele yao, hatua hizi zitasaidia.

Kwanza, andikeni kozi tatu ambazo mwanafunzi angezipenda, kisha tafuteni masomo yanayotakiwa kwa kila moja katika tovuti ya KUCCPS na ya chuo chenyewe. Somo linalojitokeza katika kozi zote tatu lisiguswe kamwe.

Pili, toeni ripoti za kidato cha kwanza na cha pili mzisome kwa utulivu. Tazameni mwelekeo wa alama, wala msitishwe na muhula mmoja. Aliyepanda kutoka 35 hadi 50 katika Fizikia ana matumaini zaidi ya aliyeshuka kutoka 60 hadi 50.

Tatu, asiyejua anataka nini abaki na sayansi tatu iwapo anazimudu. Ni rahisi kwa aliyesoma Fizikia kuomba nafasi ya sheria, biashara au ualimu. Ni vigumu mno kwa aliyeiacha kuirudia. Ila asiyezimudu asione haya kuchagua njia nyingine, kwani ubinadamu na lugha zina kozi za heshima na ushindani wake ni mkali vilevile.

Nne, pointi za mwisho zilizowaingiza wanafunzi wa miaka iliyopita ni dira tu. Hubadilika kila mwaka kulingana na idadi ya waombaji na ubora wao. Usipange maisha yako kwa kuitegemea pointi moja ya mwaka jana.

Tano, kwa aliyekwisha kukosea, bado njia ipo. Stashahada katika chuo anuwai humwezesha mtu kuendelea hadi shahada katika fani nyingi, japo huchukua miaka zaidi. Wapo wengine wanaorudia mtihani. Njia zote mbili zina gharama ya fedha na muda, na ni gharama ambayo saa moja ya mazungumzo nyumbani, mwishoni mwa kidato cha pili, ingeweza kuiokoa.

Saa hiyo moja ndiyo inayokosekana katika nyumba nyingi. Mzazi huhangaika kutafuta karo, mwalimu huhangaika kumaliza silabasi, na fomu ya masomo hujazwa na mtoto peke yake, akimtazama rafiki yake amechagua nini. Miaka miwili baadaye, mtambo wa KUCCPS huisoma fomu ile na kuamua. Yafaa basi mtu mzima mmoja, awe mzazi, mjomba, shangazi au mwalimu, aisome kabla ya mtambo.